Mama Mabega Anatuachia Wodi ya Wazazi

Baada ya miaka thelathini na minne ya kuwafundisha kina mama wa mara ya kwanza kunyonyesha, mkunga wetu mkuu anastaafu tarehe 30 Juni. Wodi nzima tunajitahidi kufurahi. Mimi ndiye ninayerithi zamu yake, na niseme ukweli, naogopa tangu barua ya kustaafu kwake ilipobandikwa ukutani.

Tunamwita Mama Mabega kwa sababu akifika kitandani hamtazami mtoto wala titi. Anatazama mabega ya mama. Yakiwa yamepanda hadi masikioni, anaongeza mto mgongoni, anavuta kiti, anakaa. Husema mama aliyekakamaa hanyonyeshi, anapigana.

Alipoanza kazi, vichanga walitengwa chumba chao na kuletwa kunyonya kwa saa, kama wagonjwa wa kumeza vidonge. Yeye alipigania hadi wakalala na mama zao. Matroni wa enzi hizo alimwandikia barua mbili za onyo, naye huzitaja mpaka leo kwa fahari.

Kina mama mkwe ndio usiseme. Akitokea bibi wa kudai maziwa ya mwanzo, yale ya njano, ni machafu yakamuliwe yamwagwe, habishani naye. Anamkabidhi kazi ya kuhesabu nepi zilizolowa, dalili kwamba mtoto anapata maziwa. Kufika siku ya tatu bibi huyohuyo anayasifu maziwa utadhani ni yake.

Kasoro anayo moja: haandiki kitu. Nimemsihi mara ngapi aniachie japo daftari la mafunzo yake, na kila mara ananiambia nikanawe mikono.

Jumanne iliyopita tulikuwa na binti wa miaka kumi na tisa ambaye mwanawe wa siku mbili hakuwa amenyonya vizuri hata mara moja. Daktari alishasema ikifika saa sita mchana bila mabadiliko, mtoto ahamishiwe wodi ya watoto wagonjwa. Nikamwita Mama Mabega. Akasema anakwenda kunywa chai, akaniacha palepale.

Binti analia, mtoto analia, mimi nimebakiza kidogo. Nikaweka mto. Tukamlaza mtoto tumbo kwa tumbo na mama yake, tukangoja apanue kinywa. Mara nne mtoto alishika chuchu peke yake, binti akauma midomo kwa maumivu, tukamtoa, tukaanza upya. Saa sita kasoro dakika kumi kidevu kiligusa titi, weusi wa titi ukaingia kinywani, na sote wawili tukasikia anameza.

Nilitoka mbio kwenda kumwambia. Sikufika mbali. Alikuwa amesimama nyuma ya pazia la mlangoni, chai haijanywewa, mikono inamtetemeka mpaka kikombe kinagongana na kisahani. Akanieleza kwamba huwa hivyo kwa kila mtoto, tangu yule wa kwanza kabisa, na kwamba siku nitakapoacha kuogopa niombe uhamisho.

Asante, Mama, kwa kutuficha hofu hiyo miaka yote. Tunakuombea afya, usingizi wa kutosha na wajukuu wanaonyonya bila matata. Kuanzia tarehe mosi Julai, kuogopa ni zamu yetu.