Macho Yabaki kwa Mama

Mheshimiwa Waziri wa Afya wa jimbo letu la Tanganyika hapa Kongo, Daktari Mkuu wa zoni ya afya, mapadri na wachungaji, Papa na Mama wote mliofika, nanyi wakunga wenzangu mliopendeza leo kana kwamba hakuna atakayezaa: jambo.

Tunafungua chumba kipya cha kuzalia. Wengine watasifu kuta. Mimi Odile, ninayesimamia wakunga wa hapa, nitasema juu ya kile kikanyagio cha chuma mnachokiona sakafuni, karibu na kitanda.

Mwaka jana mama mmoja wa Niemba alizaa salama, kisha akaanza kuvuja damu. Mkunga alikuwa peke yake, mikono yake imekandamiza mahali pa kuzuia damu, naye daktari alikuwa upande wa pili wa mji. Angemwitaje? Ilibidi aachie, avue glavu, atafute namba kwenye simu. Daktari alipofika, yule mama alikuwa amekwisha kututoka.

Ndipo akaja Papa Rubens, fundi wa programu za simu. Alitaka mkunga aseme tu "Msaada", nayo simu iite. Tulifurahi. Siku ya kuijaribu, mvua ikapiga mabati, mtoto akalia, mzazi akapiga kelele. Mkunga wetu Séraphine aliita hadi koo likakauka, simu kimya. Rubens akaketi kwenye benchi, uso chini.

Nikamwambia, "Papa Rubens, rudia nyumbani upumzike."

"Hapana, Mama Odile," akajibu. "Mikono iko na kazi, macho iko na kazi, sauti inamezwa na mvua. Acha nibakie nione kitu gani inabakia."

Akabaki, akawatazama wakunga wakifanya kazi, hadi akaona: mguu.

Basi simu ikafungwa ukutani mwa chumba cha zamani, waya ukashuka hadi kwenye kikanyagio kama kile, sakafuni. Mkunga akikanyaga, simu inamwita daktari na mtu wa kuleta damu ya kuongezwa kwa pamoja. Haimuulizi mkunga neno.

Mwezi uliopita, mchana wa mvua kubwa, Mama Léonie, mchuuzi wa ndakala, dagaa wa ziwa letu, alijifungua binti. Damu ikaanza. Séraphine akakanyaga. Mikono haikutoka ilipokuwa, macho hayakuondoka usoni pa Léonie.

"Naenda kufa?" Léonie aliuliza.

"Hautakufa. Niangalie mimi, dada. Daktari iko njiani."

Alisema hivyo bila kujua bado kama simu imepokelewa. Kisha pikipiki ya daktari ikanguruma uani. Mama Léonie, simama na mtoto wako, watu wawaone!

Mheshimiwa Waziri, nimesikia pendekezo kwamba simu hii sasa iulize kwanza umri wa mzazi, kijiji chake na idadi ya watoto wake, ndipo iite. Takwimu zina kazi yake, nasi tutaziandika mama akishapona. Lakini kabla ya kuita? Hapana. Nani kati yetu angekubali mke wake avuje damu huku mkunga akijibu maswali? Anayetaka kuongeza kitu, aje avae glavu, asimame aliposimama Séraphine, atuonyeshe mkono wa ziada uko wapi. Maswali kabla ya kuita hatutayakubali, leo wala kesho.

Papa Rubens, asante kwa kutengeneza simu isiyotaka kutazamwa. Séraphine, asante kwa kutoachia. Nanyi wageni wetu, asanteni sana kwa kunipa masikio yenu. Mheshimiwa, tafadhali kata utepe upesi: kuna mama mlangoni ameshikwa na uchungu.