Ukurasa wa Mwisho Niliuvuta Mimi

Mheshimiwa Mkuu wa Gereza, maafande kwa vyeo vyenu, wageni mliotoka mjini, nasi tuliowahi kutoka humu humu ndani: wakubwa shikamooni, wengine hamjambo.

Naitwa Mikidadi, mkulima wa nyanya kule Mlali. Nilikaa hapa miaka minne kwa sababu zilizomo kwenye faili, tusichoshane. Nimekuja kumuaga Sajini Editha, anayestaafu leo, mama aliyeanzisha maktaba ya gereza hili kwa katoni moja ya vitabu, ambavyo alivisoma vyote kabla ya kutuazima.

Ndugu zangu, mfungwa akipewa karatasi laini anaona nini? Anaona msokoto. Tumbaku ilipita wapi msiniulize, afande wa getini ananikazia macho. Vitabu vikakonda, hata selo yetu ikajiwekea sheria: huvuti ukurasa kabla hujausoma.

Akaja mkaguzi, akataka maktaba ifungwe. Afande Editha akamwomba kitu kimoja tu, kila aliyevuta ukurasa asimame ausimulie. Stambuli, mwizi wa ng'ombe, alisimulia kurasa sita mpaka mkaguzi akavuta kiti. Ikafika zamu yangu, ukurasa wa mwisho wa hadithi ya mapenzi. Na mimi, waheshimiwa, sikujua kusoma hata a. Sheria ya selo niliivunja, niliuvuta hivyo hivyo.

Ningefanyaje, na wenzangu wote wananitazama? Nikamwoza binti kwa mpenzi wake, nikachinja mbuzi wawili, nikaita ngoma ya Kiluguru. Mkaguzi akamuuliza Afande kama kweli kitabu kinaisha hivyo. Akajibu bila kupepesa macho, "Ndivyo." Maktaba ikabaki.

Asubuhi yake akaniita, akanipa chaki. "Mikidadi, nimeidanganya serikali kwa ajili yako. Kaa hapo, sema a."

Juma lililopita niliona nakala nyingine ya kitabu kile kwa muuza vitabu vya mitumba Mwembesongo. Nimekisoma mwenyewe, neno kwa neno. Afande wangu, yule bwana alikufa ukurasa wa arobaini. Nilimwoza binti wa watu kwa marehemu, nawe ulijua.

Kitabu hiki hapa, nakirudisha maktaba, kurasa zote zimo. Ule wa mwisho nimeusoma mara tatu huku nalia, wala si kwa ajili ya marehemu. Asante, mama. Ila Stambuli asikiazime, namwona pale nyuma anapapasa mfuko.

Nanyi nyote, asanteni kwa kuniazima masikio yenu.