Mzee Elkana Omollo, Mchoraji Aliyengoja Sahihi ya Kaka Yake

Jumanne tarehe 11 Machi 2025, saa kumi na mbili kasoro robo asubuhi, Bwana alimwita baba yetu, Mzee Elkana Omollo, akiwa usingizini nyumbani kwetu Guildford, hapa Sydney.

Alizaliwa tarehe 4 Juni 1946 huko Rangwe, Homa Bay, akasoma shule ya misheni hapo hapo, na tarehe 10 Januari 1966 akaingia ofisi ya michoro ya karakana ya reli, Nairobi, ambako kwa miaka thelathini na tano alichora mabehewa, madaraja na matangi ya maji kwa wino na rula, akazoea kwamba mchoro wowote, hata wa parafujo moja, haushuki karakanani kabla mkubwa hajautia sahihi.

Tarehe 18 Desemba 1971 alifunga ndoa na mama yetu, Cherotich, mjini Kericho, na wakwe walicheka sana alipowapelekea mchoro wa zizi la ng'ombe wa mahari, akimwomba baba mkwe autie sahihi kwanza. Mungu aliwajalia watoto watatu, Elijah, Nicole na mimi Rispah ninayewasomea.

Mwaka 2004 wazazi wetu walihamia hapa Sydney, Australia, naye baba akaajiriwa mtaa wa Granville kuchora ngazi za chuma kwa kompyuta, ila kila asubuhi alichonga penseli na kuiweka kando, na vijana walipomwuliza ni ya nini, aliwajibu kwamba ni mzee mwenzake, amemsindikiza kazini.

Mama alifariki tarehe 2 Agosti 2019, tukamzika hapa Sydney, makaburi ya Rookwood. Baba alipougua figo mwezi Juni mwaka jana, aliomba alazwe kando yake, lakini kwetu mwanamume huzikwa bomani mwake, na kaka yake, baba mkubwa Nyangweso, alikataa katakata, nasi watoto tukaogopa ukoo usigawanyike. Baba hakugombana, alichora kaburi la watu wawili, akaacha nafasi ya sahihi, akautuma mchoro Rangwe. Baba mkubwa aliurudisha, akiuliza ndugu wakitoka mbali watakaa wapi, au watasimama kama askari wa zamu. Baba alicheka mpaka akakohoa, akaongeza benchi, na tarehe 2 Machi sahihi ikafika.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa figo, majirani wetu, hasa Mama Chibalonza na uji wake wa kila asubuhi, na wafanyakazi wenzake baba wa Granville waliolichomelea benchi hilo wiki hii, ambalo leo wa kwanza kulikalia ni baba mkubwa mwenyewe, aliyewasili jana akiwa na miaka themanini na mitatu.

Ee Bwana, mpokee mtumishi wako Elkana, umlaze karibu na Cherotich hadi siku ya ufufuo, na ndugu hawa uwaweke pamoja. Lala kwa amani ya Bwana, baba. Amina.