Sista Modesta Anaondoka, Magoti Yanabaki

Sista Modesta Machibya anastaafu tarehe 30 Juni 2025, baada ya miaka thelathini na mitatu ya uuguzi, ishirini na sita kati ya hiyo katika chumba chetu cha upasuaji wa mifupa. Niliyepewa kazi ya kuandika wasifu huu ni mimi, muuguzi mwenzake Josephat Okeyo, na kusema kweli sina raha.

Alianzia zahanati moja Buhongwa, akavuka kwenda Sengerema, kisha akaja kwetu. Akihesabu gozi, vile vitambaa vya kufyonzea damu, kwa Kiswahili, ujue mambo ni shwari. Akihamia Kisukuma, hata daktari bingwa anaweka kisu chini mpaka gozi iliyopotea ipatikane.

Vijana wanamichezo walikuwa wake. Pia ya goti, ule mfupa mdogo wa mbele, ikizoea kuchomoka, kijana haruki wala hakimbii, na kwa kuwa mifupa yake bado inakua, upasuaji wake hautaki papara. Kabla ya sindano ya ganzi, Sista alimshusha mgonjwa kitandani, aonyeshe kwa mkono wake mwenyewe goti linalomsumbua. Mimi niliita huko kupoteza muda, tena mbele za watu.

Mwaka 2021 aliletwa Winnie, mchezaji wa netiboli wa miaka kumi na tano. Bibi yake alikuwa amemchanja chale magoti yote mawili, hata lile zima, lisije likaiga ugonjwa wa mwenzake. Chale za kushoto zilikuwa mbichi zaidi. Nikaziamini kuliko faili, nikalipaka dawa goti la kushoto tayari kwa kisu. Sista akamshusha binti kama kawaida yake. Winnie akashika goti la kulia.

Sista hakufoka. Aliandika kosa langu kwenye daftari la taarifa, akanipa kalamu nitie sahihi. Nilimnunia wiki nzima, mjinga mimi. Winnie alitengenezewa ukano unaoshika pia ya goti la kulia, na mwaka uliofuata alirudi uwanjani Nyegezi kwa miguu yote miwili.

Jumanne, tarehe mosi Julai, tuna wanafunzi wawili wa kupasuliwa magoti kwenye orodha, na wa kuwashusha kitandani ni mimi. Naogopa, nasema wazi.

Asante, Sista, kwa kila mtoto uliyemlinda dhidi ya haraka zetu. Nenda ukaishi vyema na wajukuu, afya ikuandame. Ila Jumanne asubuhi, tafadhali, simu usizime.