Ndege Ambazo Mzee Soksi Hakuziandika

Wasikilizaji wapendwa, karibuni tuketi. Leo sina haraka, na sauti yangu mtaisikia imechoka. Juzi tulimzika mtunza kiwanja kidogo cha ndege, kile cha nje ya mji. Alikitunza miaka thelathini na mmoja. Wengi mlimwita Mzee Soksi.

Jina hilo alipewa na marubani. Lile gunia refu linalopepea juu ya mlingoti, rubani ajue upepo unatoka wapi, wao huliita soksi. La kiwanja lilichanika, ofisi ikachelewa kuleta jipya, basi mzee akashona mwenyewe kwa cherehani ya mkewe. Mkewe anasema, "Alimaliza uzi wangu wote. Nikamwambia, baba watoto, hata mimi napigwa na upepo, nishonee na mimi gauni."

Kiwanja chenyewe kilikuwa njia moja ya lami iliyopasuka na kibanda chenye dirisha moja. Mzee alikata nyasi, alifukuza mbuzi, alijibu simu za marubani waliouliza hali ya upepo na mawingu. Na aliandika kitabu. Kila ndege iliyotua, mstari mmoja. Kila mstari, ada ya kutua. Shikeni hilo, wasikilizaji: kila mstari, ada.

Zamani ada hiyo ilikuwa ndogo. Mamlaka ya viwanja vya ndege ikaipandisha, kisha ikaipandisha tena. Wenye ndege za kunyunyizia dawa mashambani wakahama. Mafundi wakahama nao. Akabaki mwalimu mmoja wa urubani na kindege chake cha viti viwili, na ndege ya wagonjwa iliyokuja mara mojamoja.

Sasa, mwanafunzi wa urubani hajifunzi kutua kwa kutua mara moja. Anagusa lami, anapaa bila kusimama, anazunguka, anagusa tena. Mara kumi kwa asubuhi moja. Mamlaka ikasema kila mguso ni kutua. Miguso kumi, ada kumi. Mwalimu akaanza kufungasha, shule afunge.

Hapo Mzee Soksi akafanya alilolifanya. Miguso kumi, akaandika mstari mmoja. Hakupewa hata soda. Binti yake mkubwa anakumbuka: "Nilimuuliza, baba, huogopi? Akasema, funika kombe mwanaharamu apite. Hawa nao wakiondoka, nyasi nitamkatia nani?"

Aliendelea hivyo miaka sita. Kisha ikaja barua: viwanja visivyotumika vifungwe. Na matumizi yalipimwa kwa kitabu. Kitabu cha Mzee Soksi kilisema ndege mbili kwa wiki. Kwa wema wake mwenyewe alikuwa amekifanya kiwanja kionekane kitupu.

Kikaitishwa kikao. Mzee akasimama, kofia mkononi. Akasema, "Kitabu hiki kina upungufu, na mwandishi ni mimi. Ndege zinatua hapa mara nyingi kuliko zilivyoandikwa."

Mwenyekiti akamuuliza, "Za nani?"

Mzee akakifunga kitabu. Angemtaja mwalimu, mwalimu angedaiwa ada za miaka sita, na shule ingekufa siku hiyohiyo. Mwalimu alikuwa humo humo, safu ya pili. Kila rubani ana kitabu chake cha safari, na katika chake kila mguso ulikuwa umeandikwa. Ameniambia hivi: "Kilikuwa kwenye begi, katikati ya miguu yangu. Mzee alinitazama mara moja, kisha akageukia dirisha. Niliogopa. Sikunyoosha mkono."

Kiwanja kikafungwa. Mzee akastaafishwa, bila hata mkono wa kwaheri. Kazi yake ya mwisho ilikuwa kupaka misalaba miwili mikubwa juu ya lami, alama ya kumwambia rubani kwamba hapa hapatuliki. Aliipaka vizuri, kingo zimenyooka. Hakujua kufanya kazi ovyo.

Mwezi huu moyo wake ukaanza kumsumbua. Binti akaipigia ndege ya wagonjwa. Wakamjibu kwa upole kwamba huko hawana tena pa kutua. Basi wakamlaza kwenye gari. Hospitali kubwa ni mwendo wa saa tano, na njia mnaijua. Aliaga dunia katika saa ya tatu, kichwa kikiwa mapajani mwa mkewe.

Mama huyo hataki tuongeze chumvi. "Usiseme angepona," ameniambia. "Hilo hatulijui. Sema tu alikuwa njiani."

Kwa mjane, kwa binti na wadogo zake, poleni sana. Sisi wa hapa studio tumeguswa. Nanyi mlio nyumbani, jiulizeni ni nani anayebeba lawama ili wewe ufanye kazi yako kwa amani, na kama umewahi kumsemea alipohitaji mtu wa kumsemea.

Mwalimu alikwenda msibani siku ya pili. Akapiga magoti mbele ya mjane, akamweleza habari ya begi. Mama akamwambia, "Alijua, mwanangu. Alisema una watoto wadogo. Inuka, unywe chai."

Mwalimu ndiye aliyeniomba niyaseme haya hewani. Anasema chai ile hakuweza kuimaliza.