Unga Ulipatikana

Devotha alirudi kutoka Ujerumani kumzika mama yake, akafika siku mbili baada ya maziko. Ndani ya basi la kutoka Same kwenda Gonja alimwamkia bibi aliyeketi jirani yake, akampa habari za msiba. Bibi akampa pole, kisha akamuuliza maisha ya huko.

"Mwanzo nilihangaika, bibi. Unga wa ugali niliutafuta miezi mitatu. Msusi nilimpata mji mwingine, mwendo wa saa mbili kwa treni."

"Lakini ulipata."

"Nilipata."

Walipopita mashamba ya mkonge, bibi akasema: "Mwanangu Loth naye yuko Ulaya. Huu mwaka wa sita hajanipigia. Hebu nieleze wewe uliyetoka huko: mtu anayeweza kutafuta unga miezi mitatu, anashindwaje kumtafuta mama yake?"

Devotha alizikumbuka simu za mama yake alizoziacha zikaita mpaka zikakatika. "Kazi ni nyingi, bibi," alisema.

"Hata za hapa ni nyingi."

Basi liliposimama Maore, bibi alibeba kikapu chake akashuka, bila kuaga.