Mume Wangu na Kahawa Yake ya Kukaangwa Kidogo

Wasifu huu nimeusema mimi mkewe, binti wa jirani akauandika. Nimeombwa nisitaje chumba cha kukaangia kahawa ambamo shemeji yangu, mdogo wake marehemu, anataka kunitoa. Nitakitaja.

Marehemu alizaliwa tarehe 4 Juni 1961, wa kwanza kati ya watoto wawili. Alisoma hadi darasa la saba, kisha akamsaidia baba yake kutengeneza mashine.

Mwaka 1988 alifungua chumba chake. Wengine walikaanga buni mpaka zing'ae mafuta, kahawa zote zikawa na ladha moja ya moshi. Yeye alizitoa zikiwa bado hudhurungi, mara tu zilipoanza kupasuka, na kwenye kikombe ukapata chungwa na asali. Watu walimwita Mzee Pua, na wakati ule alistahili.

Tulioana tarehe 12 Agosti 1990. Hatukujaliwa watoto. Shule sikuiona, nilifagia makapi ya buni na kujifunza kwa kunusa.

Mwaka 2009 mafua makali yalimwondolea uwezo wa kunusa, na haukurudi tena. Aliniambia, "Mke wangu, hili lisivuke mlango huo." Tangu hapo nilikaanga mimi, akasifiwa yeye. Wanunuzi walipokuja kuonja, nilimkanyaga mguu chini ya meza: mara moja, nzuri, mara mbili, mbaya. Naye akiwachekesha, "Pua hii haidanganyi, jamani!"

Kisukari kilimshika mwaka 2019, miguu ikafa ganzi. Februari mwaka huu alikuja mnunuzi wetu mkubwa. Siku hiyo aliyekaanga alikuwa shemeji. Nilikanyaga mara mbili. Marehemu akatabasamu.

"Tamu. Ipakieni."

Nikamkanyaga tena, kwa kisigino. Hakuhisi kitu. Mnunuzi akaweka kikombe chini.

"Mzee, una uhakika?"

Mume wangu akanitazama, jasho likimtoka. "Sema wewe."

"Imezidi dakika nzima," nikasema. "Chungwa limekufa, umebaki moshi."

Shemeji akacheka. "Shemeji, shika ufagio wako!"

"Nyamaza," marehemu akamwambia. "Miaka yote hii ananusa yeye."

Alifariki Jumanne, tarehe 9 Septemba, saa nne asubuhi. Ameacha mjane, mdogo wake na watoto watatu wa mdogo wake.

Jana shemeji alibadilisha kufuli la chumba, akasema ujuzi huu umo katika damu yao. Shemeji, mnunuzi ameketi nyuma yako. Mlisikia wote wawili. Tukimaliza kumfukia, nipe ufunguo.

Mume wangu, lala salama. Neno la kweli ulilisema mara moja tu, nami nimelirudia.